Mizani ya Mamlaka: Somo la Katiba za Majimbo ya Marekani

DIBAJI

Amma baad. Wahenga wamesema, fahali wawili hawakai zizi moja. Neno hili ni kweli nyumbani na ni kweli chomboni, kwani chombo chenye manahodha wawili huenda mwamba. Walakini katika kutawala watu, wenye akili wa mataifa mengi wamefanya kinyume cha methali hii kwa makusudi. Wametia fahali watatu katika zizi moja, wakamfunga kila mmoja kwa kamba yake, ili mmoja akitaka kuwaponda raia wawili wamzuie. Kamba hizo ndizo ziitwazo katiba.

Somo hili laeleza namna katiba za majimbo ya Marekani zigawanyavyo mamlaka: kwanza baina ya mikono mitatu ya serikali, kisha baina ya jimbo na miji yake. Na kwa kuwa elimu isiyo na mfano husahauliwa upesi, litaelezwa khasa jimbo la Alabama. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1901 iligawa mamlaka kwa ustadi mkubwa, na kwa ustadi huo huo ikawafungia nje maelfu ya watu wake. Mna mazingatio ndani yake kwa kila asomaye katiba yoyote.

FASLI YA KWANZA
Katiba Kuu na katiba za majimbo

Marekani ni muungano wa majimbo 50. Juu ya majimbo yote iko Serikali Kuu, makao yake Washington, na katiba yake iliandikwa mwaka 1787. Watu wengi wa nchi za mbali hudhani ya kuwa hiyo ndiyo katiba pekee ya Wamarekani. Sivyo. Kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, Baraza lake la Sheria na mahakama zake. Tena baadhi ya katiba hizo zilitangulia ile ya Muungano: Virginia na Pennsylvania waliandika zao mwaka 1776, mwaka ule ule walipojitoa katika utawala wa mfalme wa Uingereza, na Massachusetts wakafuata mwaka 1780.

Nyongeza ya 10 ya Katiba Kuu, iliyothibitishwa mwaka 1791, yasema kwa maana yake ya kuwa mamlaka ambayo hayakukabidhiwa Serikali Kuu, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa watu wenyewe. Kwa hivyo mambo yamgusayo mtu kila siku, kama ndoa na mirathi, shule ya mwanawe, askari wa mjini, njia ipitayo mbele ya mlango wake, kodi ya nyumba yake na adhabu ya mwizi, mengi yake yamo mkononi mwa jimbo.

Iko tofauti moja kubwa baina ya katiba hizi mbili, na asiyeifahamu hataelewa yafuatayo. Serikali Kuu ni mfano wa wakala: hana ruhusa ila kwa jambo lililotajwa katika barua yake ya uwakala. Baraza la Sheria la jimbo ni mfano wa mwenye shamba: aweza kulima na kujenga apendavyo, ila pale alipozuiwa. Kwa sababu hii, asomaye Katiba Kuu hutafuta ruhusa, na asomaye katiba ya jimbo hutafuta makatazo. Ndiyo sababu katiba nyingi za majimbo ni ndefu. Kila ukurasa ni ua uliojengwa kumzuia mwenye shamba, na kila kizazi kiliongeza ua wake kwa kadiri ya khofu zake.

FASLI YA PILI
Mikono mitatu: atungaye, atekelezaye, ahukumuye

Kazi ya serikali ni tatu: kutunga sheria, kuitekeleza, na kuwahukumu watu kwayo. Mtu mmoja akizishika zote tatu, ndiye atakayeandika kosa, ndiye atakayemkamata mkosaji, na ndiye atakayempitishia hukumu. Mnyonge wa mtu huyo hana pa kukimbilia. Katika hili majimbo yote yaliafikiana tangu mwanzo. Yaliyokhitilafiana ni kadiri ya nguvu apewayo kila mmoja.

Khofu ya kwanza ilikuwa khofu ya gavana. Watu wa mwaka 1776 walikuwa wameteseka na magavana wa mfalme, basi walipopata nafasi waliwakata makucha. Virginia walimfanya gavana achaguliwe na Baraza la Sheria lenyewe kwa mwaka mmoja mmoja, wala hakuwa na haki ya kuikataa sheria iliyotungwa. Pennsylvania walikwenda mbali zaidi: hawakuweka gavana hata kidogo, ila halmashauri ya watu 12, na Baraza la Sheria la nyumba moja tu. Ikadhihiri ya kuwa mamlaka yaliyoondolewa kwa mtu mmoja hayakupotea, bali yalihamia barazani, na baraza lisilo na wa kulizuia laweza kudhulumu kama mfalme. Mwaka 1790 Pennsylvania waliiacha katiba ile, wakaweka gavana na mabaraza mawili.

Massachusetts walijifunza kabla ya wengine. Mwaka 1778 waliletewa katiba, watu wa miji wakaikataa. Ndipo wakachagua mkutano maalumu kwa kazi hiyo moja, na aliyeshika kalamu zaidi ya wote alikuwa John Adams. Katiba ya mwaka 1780 iliweka gavana achaguliwaye na wapiga kura, mwenye haki ya kuirudisha sheria barazani. Na sheria iliyorudishwa haikuweza kupita illa kwa theluthi mbili za kila baraza. Majaji waliwekwa na gavana kwa shauri la halmashauri yake, nao wakadumu katika kazi maadamu mwenendo wao ni mwema, ili wasihukumu kwa khofu ya kupoteza chakula chao. Katiba hiyo, pamoja na marekebisho mengi, yatumika hata leo, na hapana katiba ya kuandikwa duniani itumikayo iliyo kongwe kuliko hiyo.

Isidhaniwe ya kuwa ilikuwa kamili. Asiye na mali ya kadiri fulani hakupiga kura, na wanawake hawakutajwa kabisa. Hata hivyo, kazi ya mkono wa tatu ilionekana upesi. Mtu mmoja aliyekuwa mtumwa, jina lake Quock Walker, alimkimbia aliyedai kummiliki, na shauri lao likafika mahakama kuu ya jimbo. Mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliwaeleza wazee wa baraza ya kuwa utumwa haupatani na katiba, kwani katiba yenyewe imekiri ya kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1790, Massachusetts hawakuandika mtumwa hata mmoja. Baraza la Sheria halikuwa limetunga sheria ya kuuondoa utumwa. Maneno ya katiba yalipata hakimu wa kuyasoma.

Baadaye zilikuja khofu nyingine. Mississippi, mwaka 1832, waliona majaji wamekuwa mbali mno na watu, wakaamuru majaji wote wachaguliwe kwa kura. Majimbo mengi yakawafuata. Kisha ikaonekana ya kuwa jaji aombaye kura aweza kumpendelea aliyemsaidia kuzipata. Mwaka 1940 Missouri wakashika njia ya katikati: kamati huleta majina machache, gavana huteua mmoja, na baada ya muda watu huulizwa kama abaki au aondoke. Texas, katika katiba ya mwaka 1876, walimwogopa gavana tena, wakaigawa kazi ya utekelezaji: mwanasheria mkuu, mtunza hesabu na msimamizi wa ardhi kila mmoja huchaguliwa na watu, na gavana hana amri ya kuwafukuza. Nebraska nao waliona mabaraza mawili ni mzigo. Tangu mwaka 1937 wana baraza moja tu, peke yao katika majimbo 50.

FASLI YA TATU
Jimbo na miji yake

Kugawanya mamlaka kwa upana hakutoshi. Kuna kugawanya kwa kimo, yaani baina ya aliye juu na aliye chini. Baina ya jimbo na Serikali Kuu mpaka umeandikwa. Baina ya jimbo na miji yake, Katiba Kuu imenyamaza: mji haukutajwa ndani yake, wala kaunti, ambazo ndizo wilaya za jimbo. Basi likazuka suali: je, mji una haki yake wenyewe, au ni mtoto wa jimbo asiye na kauli?

Majaji wawili walijibu majibu mawili. Mwaka 1868 Jaji John F. Dillon wa Iowa alihukumu ya kuwa mji ni kiumbe cha Baraza la Sheria. Baraza limeupulizia roho, na likitaka laweza kuitoa. Mji hauna mamlaka ila yaliyotajwa waziwazi, au yasiyoepukika ili kuyatimiza hayo, na palipo na shaka, shaka huuangukia mji. Mwaka 1871 Jaji Thomas Cooley wa Michigan alisema kinyume. Baraza la Sheria la huko lilikuwa limeteua lenyewe wasimamizi wa kazi za mji wa Detroit. Cooley na wenzake wakahukumu ya kuwa watu wa mji wana haki ya tangu zamani ya kujichagulia wasimamizi wa mambo yao ya kudumu.

Kauli ya Dillon ndiyo iliyoshinda. Kisa cha Allegheny chaonyesha uzito wake. Allegheny ulikuwa mji kamili katika Pennsylvania, ukitazamana na Pittsburgh ng'ambo ya mto. Sheria ya jimbo ya mwaka 1906 ikaruhusu miji hiyo iunganishwe kwa kura zikihesabiwa pamoja. Wengi wa Allegheny walikataa, kwa kukhofia kulipishwa madeni ya Pittsburgh. Lakini Pittsburgh ulikuwa na watu wengi zaidi, na kura za mji mkubwa zikazimeza za mdogo. Wakashitaki hata Mahakama Kuu ya Muungano. Mwaka 1907 mahakama ilijibu ya kuwa jimbo laweza kuupanua mji, kuupunguza, kuuunganisha na mwingine au kuufuta, hata wenyeji wake wakichukia. Mji wa Allegheny ukatoweka, ukawa mtaa wa Pittsburgh.

Palikuwako dawa, nayo ni kuiandika haki ya mji ndani ya katiba ya jimbo yenyewe. Missouri ndio wa kwanza: katiba yao ya mwaka 1875 iliruhusu mji wenye watu zaidi ya 100,000 ujiandikie hati yake ya utawala, na St. Louis wakaitumia ruhusa hiyo mwaka uliofuata. California wakafuata mwaka 1879, kisha wengine wengi. Alabama hawakufuata, na sababu yake ndiyo fasli ijayo.

FASLI YA NNE
Alabama, mwaka 1901

Mwezi wa Mei mwaka 1901 wajumbe 155 walikutana Montgomery, mji mkuu wa Alabama, kuandika katiba mpya. Wote walikuwa wanaume weupe. Rais wa mkutano, John B. Knox, hakuficha nia: katika hotuba yake ya kufungua alieleza ya kuwa shabaha ni kuuweka utawala wa watu weupe kwa njia ya sheria, ndani ya mipaka ya Katiba Kuu. Mpaka aliokusudia ni nyongeza ya 15, ya mwaka 1870, iliyokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Basi kazi ya mkutano ilikuwa kuwanyima watu weusi kura pasipo kuitaja rangi.

Anayeisoma katiba ile kwa upana hataona kasoro kubwa. Mikono mitatu imetengwa. Gavana amepewa miaka minne, wala haruhusiwi kufuatisha kipindi cha pili. Mwanasheria mkuu, mweka hazina, mkaguzi wa hesabu na msimamizi wa elimu kila mmoja achaguliwa peke yake. Baraza la Sheria lina nyumba mbili. Mwanafunzi wa katiba angeweza kuipa alama nzuri. Dhulma ilikuwa mahali pawili: mlangoni, na katika kimo.

Ama mlangoni, mtu hakuweza kupiga kura ila awe anajua kusoma na kuandika na awe na kazi, au awe na mali ya kadiri iliyotajwa. Tena ilimpasa kulipa kodi ya kichwa, dola moja na nusu kila mwaka, tangu umri wa miaka 21 hata 45. Na aliyeacha kulipa, deni lake lilijumlishwa mwaka baada ya mwaka, hata likaweza kufika dola 36. Kwa mkulima wa pamba alimaye shamba la mwingine, huo ulikuwa ukuta. Kwa muda mfupi tu, hata mwanzo wa mwaka 1903, waliopigana vita na wazao wao walipewa mlango wa pembeni, na watu weupe wengi wakapita humo. Na aliyeamua nani anajua kusoma, na nani ni mtu wa tabia njema, ni waandikishaji. Hao hawakuchaguliwa na watu wa kaunti, bali waliteuliwa na gavana, mkaguzi wa hesabu na msimamizi wa kilimo. Hapa ndipo ustadi ulipo: mlango wa kijiji uliwekewa bawabu kutoka mji mkuu.

Mwezi wa Novemba mwaka ule katiba ilitangazwa kuwa imekubaliwa kwa kura 108,613 dhidi ya 81,734. Katika kaunti tatu za Dallas, Hale na Wilcox, ambako watu weusi walikuwa wengi sana, kura zilizotangazwa za kuikubali zilizidi maradufu idadi ya wanaume weupe wote wenye umri wa kupiga kura. Yaani iliandikwa ya kuwa watu weusi kwa maelfu wameridhia kunyang'anywa kura zao. Mwenye akili na apime kama hilo laweza kuwa. Katika jimbo zima walikuwako wanaume weusi wapatao 181,000 wa umri wa kupiga kura. Ilipofika mwaka 1903 walioandikishwa walikuwa kama 3,000 tu. Na masikini wa watu weupe, wengi wao, walianguka katika shimo lile lile lililochimbwa kwa wenzao.

Ama katika kimo, katiba ilizifunga kaunti mikono. Kodi ya mali iliwekewa kikomo ndani ya katiba: kaunti haikuruhusiwa kupita nusu ya asilimia moja ya thamani ya mali. Kaunti haikupewa haki ya kujitungia sheria zake. Ikitaka jambo ilibidi iende Montgomery kuomba, na mara nyingi jambo hilo halikuwezekana ila kwa kuirekebisha katiba ya jimbo zima. Ndiyo sababu katiba ile ilirekebishwa zaidi ya mara 900, ikawa ndefu kupita maneno 300,000, na sehemu kubwa ya marekebisho yahusu kaunti moja au mji mmoja: hapa ruhusa ya mchezo wa bahati nasibu, pale kodi ya kuua mbu. Mbu wa kaunti moja akahitaji idhini ya katiba.

Mtu mmoja wa Montgomery, Jackson W. Giles, mtu mweusi aliyekuwa akipiga kura kwa miaka mingi, alikataliwa kuandikishwa, akaenda kushitaki kwa niaba yake na ya wenzake zaidi ya 5,000. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Tuskegee, alisaidia kwa siri gharama za madai hayo. Mwaka 1903 Mahakama Kuu ya Muungano ilimkatalia. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika, kwa maana ya maneno yake, ya kuwa ikiwa wengi wa watu weupe wamekusudia kuwazuia watu weusi, jina likiandikwa kwenye karatasi halitawafaa kitu. Na ikiwa jimbo limetenda kosa kubwa namna hiyo, dawa yake itafutwe kwa watu wa jimbo hilo wenyewe au kwa Serikali Kuu ya kisiasa. Maana yake, aliyenyimwa kura aliambiwa aiombe haki yake kwa njia ya kura. Mshitakiwa akafanywa kadhi.

FASLI YA TANO
Namna mlango ulivyofunguliwa, na kilichobaki kimefungwa

Katiba ile ile iliamuru viti vya Baraza la Sheria vigawanywe upya kila baada ya miaka 10 kwa hesabu ya watu. Tangu mwaka 1901 amri hiyo haikutimizwa hata mara moja kwa miaka 60. Miji ilikua, mashamba yakapungukiwa na watu, viti vikabaki pale pale. Kaunti ya Jefferson, yenye mji wa Birmingham, ilikuwa na watu zaidi ya 600,000 na seneta mmoja. Kaunti ya Lowndes ilikuwa na watu 15,417 na seneta mmoja vile vile. Waliopendelewa na hesabu mbovu ndio waliokabidhiwa kuirekebisha, na hakuna aukataye mti aliokalia tawi lake.

Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Muungano, chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, iliamuru ya kuwa viti vya mabaraza yote mawili ya jimbo vifuate idadi ya watu, kwani wawakilishi huwakilisha watu, si ekari za ardhi. Mwaka 1965, baada ya maandamano ya Selma yaliyomwagiwa damu, ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, na mitihani ya kusoma ikaondolewa. Mwaka 1966 mahakama hiyo ikaibatilisha kodi ya kichwa katika chaguzi za majimbo. Hivyo mlango, uliofungwa kwa katiba ya jimbo, ulifunguliwa kwa mkono wa juu yake, na kwa miguu ya watu walioandamana.

Mlango ulifunguliwa, lakini kimo hakikubadilika sana. Mwaka 2016 baraza la mji wa Birmingham, ambao wengi wa wakazi wake ni watu weusi, lilitaka mshahara wa chini katika mji uwe dola 10 na senti 10 kwa saa, badala ya dola 7 na senti 25 zilizowekwa na Serikali Kuu mwaka 2009. Mara Baraza la Sheria la jimbo likatunga sheria ya kukataza mji wowote kuweka mshahara wake, na gavana akaitia sahihi mwezi wa Februari mwaka huo huo. Walioshitaki walikataliwa mwaka 2019 katika mahakama ya rufani ya Muungano. Wafanya kazi wa Birmingham walikuwa na kura, na kura yao ilichagua baraza. Walakini baraza walilolichagua halikuwa na mamlaka juu ya jambo walilolitaka.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 watu wa Alabama waliikubali katiba iliyopangwa upya. Maneno ya ubaguzi yaliyosalia yalifutwa, na marekebisho ya kaunti yakawekwa kila moja mahali pake. Ni jambo jema. Walakini kilichopangwa upya ni kitabu. Mgawanyo wa mamlaka baina ya Montgomery na kaunti 67 ulibaki karibu kama ulivyokuwa.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Je, kugawanya mamlaka peke yake kwatosha kuleta uadilifu?
Jawabu: Hakutoshi. Alabama ya mwaka 1901 iligawa mamlaka katika mikono mitatu, na mikono yote mitatu ilikuwa ya watu wa namna moja, waliochaguliwa na watu wa namna moja. Kugawanya kwafaa ikiwa wanaogawana wana wa kuwajibu walio tofauti.

Suali: Basi, je, ni bora kila mji na kila kaunti ipewe mamlaka yote ya mambo yake?
Jawabu: La, si kwa kila hali. Kaunti ya Lowndes, hata mwanzo wa Machi mwaka 1965, haikuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura, na hali watu weusi walikuwa kama wanne katika kila watu watano. Dhalimu wa karibu si mwepesi kuliko dhalimu wa mbali. Kilichowaokoa watu wa Lowndes ni mamlaka ya juu. Kwa hivyo mji upewe mamlaka ya kuendesha mambo yake, na aliye juu abakie na mamlaka ya kulinda haki ya mtu. Kila mmoja amzuie mwenzake kwa upande huo.

Suali: Kwa nini watu wa Alabama hawakuiondoa katiba ile mapema?
Jawabu: Kwa sababu njia ya kuibadilisha yapita katika Baraza la Sheria lenyewe, ambalo lazima likubali kwa sehemu tatu katika tano za kila nyumba kabla watu hawajaulizwa. Anayefaidi kufuli ndiye mwenye ufunguo. Tena wako walioogopa ya kuwa katiba mpya italeta kodi mpya. Hata mwaka 2004, watu walipoulizwa wafute maneno ya kutenga shule kwa rangi, pendekezo lilishindwa kwa kura zisizofika 2,000.

Suali: Je, hukumu ya Jaji Cushing na hukumu ya Jaji Holmes zatofautiana nini, na wote wawili walikuwa majaji?
Jawabu: Wa kwanza aliyasoma maneno ya katiba, akayapa nguvu juu ya ada ya watu wake. Wa pili aliiona nguvu ya ada, akayaacha maneno. Katiba haina ulimi. Husema kwa ulimi wa aisomaye.

KHATIMA

Atakaye kuipima katiba, asitosheke na kuhesabu mikono yake. Na aulize mambo matatu. La kwanza: nani aruhusiwaye kuingia mlangoni, na bawabu ameteuliwa na nani? La pili: aliye juu akikosea, yuko nani wa kumzuia, na yule wa kumzuia chakula chake kinatoka wapi? La tatu: mtu wa chini kabisa, kama Quock Walker au Jackson Giles, akidhulumiwa, ataipeleka daawa yake kwa nani asiyekuwa mdhulumu wake?

Massachusetts ya mwaka 1780 iliweza kulijibu suali la tatu, ijapokuwa la kwanza ililijibu nusu. Alabama ya mwaka 1901 ililijibu la pili kwa ufundi, ikayafunga mengine mawili kwa kufuli. Watu wake walikaa miaka zaidi ya 60 wakiitafuta funguo, wengine walikufa kabla haijapatikana, na milango mingine hata leo haijafunguka. Mamlaka ni amana, na amana haijulikani kuwa imehifadhiwa mpaka mwenyewe apate nafasi ya kuiulizia.